Leonsia na Mfalme Asiye na Jina

Leonsia mke wa Idefonsi alikuwa na mdomo. Wanawake wenye mdomo ni wengi, Ngara imejaa wao, lakini wa Leonsia ulikuwa na namna yake. Akianza kusimulia, mtoto ananyamaza na mama yake anasahau kwamba maharage yanaungua. Mama mkwe wake, bibi Melania, alikuwa akimwambia, "Wewe mwanamke, utakuja kujitia mashakani kwa maneno yako." Kisha anavuta kigoda karibu, anasema, "Haya, ikawaje?"

Wakati huo walikaa mlimani, kila mji katikati ya migomba yake. Ukimtaka jirani unapaza sauti tu. Ndipo likaja neno la vijiji: watu wote washuke bondeni wakae pamoja, shule iwe karibu, maji yawe karibu, walime pamoja. Wapo walioshuka wakiimba, na nisiwaonee, walikuwa na sababu. Watoto wa Leonsia mwenyewe walisomea shule ile ya bondeni, na kisima kilichimbwa kweli.

Lakini Melania alikataa. Alisema mume wake amezikwa kwenye migomba ile na yeye atazikwa hapo hapo. Mgambo wakaja asubuhi, wakamtoa yeye na kitanda chake nje, wakaezua nyasi za paa mbele ya macho yake. Ilikuwa masika. Kijiji kipya, upande ule wa Mugoma, kilikuwa kimeshapewa jina, Jitegemee, ila nyumba zilikuwa bado ni mistari iliyochorwa chini kwa jembe. Bibi kizee alilala kwenye kibanda cha matawi, mvua inampata mgongoni na kifuani, akakohoa weee, na kabla ukuta wa kwanza haujasimama akafa.

Idefonsi alimlilia mama yake mpaka sauti ikamkauka, halafu akachukua jembe akaendelea na maisha. Mdogo wake, Celestini, hakulia hata kidogo. Alichimba kaburi, akafukia, akanawa mikono. Leonsia alimtazama siku ile akaogopa, asijue anaogopa nini.

*

Sasa, shamba la kijiji. Kila asubuhi ngoma ililia mbele ya ofisi, na kila mwenye mikono alitoka na jembe. Wanawake walipangwa mstari, wakalima mahindi ya wote. Kazi ya wote, mnajua wenyewe, kila mtu anamtegea mwenzake. Basi Leonsia akaanza hadithi ili siku iende, na mstari wake ukawa wa kwanza kumaliza kila siku, maana aliyebaki nyuma hakusikia. Mwenyekiti wa kijiji, Bernardo, akamsifu mkutanoni. "Igeni mstari wa mama Leonsia," alisema. Masikini, hakujua anasifia nini.

Hadithi ilikuwa ya zamani za kale, au ndivyo Leonsia alivyosema. Palikuwa na mfalme aliyehamisha watu wake wote wakae kulizunguka boma lake, ili awaone wakila na awaone wakilala. Palikuwa na kijana ambaye mama yake alifia njiani siku ya kuhama, amejitwika mzigo wa mfalme kichwani. Kijana huyo aliitwa Ntabwoba, yaani asiye na woga. Akaapa kwamba ufalme ule utaanguka, na kwamba hatajali utamwangukia nani.

Wanawake walisikia, wakatazamana, wakainamia majembe. Nani hakumjua mama aliyefia njiani? Mfalme Leonsia hakumpa jina. Kila mara alipoulizwa, alicheka: "Mfalme ni mfalme, jina la nini?" Kila mmoja akamvika mfalme yule jina lake kichwani. Huyu mgambo aliyempiga mumewe, yule Bernardo, na mwingine mkubwa zaidi ambaye hata moyoni usingethubutu kumtaja.

Kwanza, alisimulia Leonsia, Ntabwoba aliingia bomani akaipasua ngoma ya mfalme.

Hapo lazima nieleze, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Mtu wa pwani akisikia ngoma anawaza kucheza. Mhangaza, mtu wa huku kwetu Ngara, ana neno moja tu, ngoma ni ngoma na utawala nao ni ngoma. Mfalme akitawala, ngoma iko kwake, na akianguka, ngoma imekufa. Kwa hiyo Leonsia aliposema ngoma imepasuliwa, wanawake wote mstarini walisimamisha majembe, na mmoja akasema "Yesu wangu!" kwa sauti ndogo.

Pili, Ntabwoba alisubiri siku ya karamu, watu wote wamekusanyika kwa mfalme mchana kweupe, akaenda kuliwasha moto ghala la mfalme, na mlinzi wake mzee akiwa ndani.

"Na huyo mzee, alikosa nini?" aliuliza Deodata. Deodata alikuwa shoga yake Leonsia tangu usichana, na baba yake, mzee Xavery, ndiye aliyekuwa mlinzi wa ghala la kijiji.

Leonsia angeweza kunyamaza. Angeweza kusema sijui. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na mwenye kusimulia akitazamwa hivyo huwa kama mlevi. "Anayekula kwa mfalme atakufa kwa mfalme," alijibu. "Mmoja akifa, elfu watapona. Wewe ungechagua nini?"

Wakapiga vigelegele! Mstari mzima! Deodata peke yake aliinama akaendelea kulima, na siku ile hawakurudi nyumbani pamoja.

*

Maneno ya shambani hayabaki shambani. Jioni moja Celestini alikuja kwa kaka yake kula ugali. Alipokwisha kunawa akasema, "Shemeji, ni kweli kwamba baada ya ngoma ni ghala?"

"Umesikia wapi wewe?"

"Kijiji kizima kinasikia. Ni kweli?"

"Ni hadithi, shemeji. Kula, ugali unapoa."

Alhamisi yake ngoma haikulia. Watu walitoka kwa mazoea, majembe begani, wakaikuta ngoma ya kijiji mbele ya ofisi, ngozi imechanwa kutoka ukingo hadi ukingo na mwili wake wa mti umepasuliwa kwa shoka. Bernardo alikuwa amesimama juu yake. Mtu mnene yule, mwepesi wa kucheka, siku hiyo jasho lilimtiririka na asubuhi ilikuwa na baridi.

"Ngoma imeuawa," alisema.

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa Wahangaza, na walisikia alichosikia yeye. Mtu amesema utawala umekufa, na amesema kwa shoka. Bernardo akawatuma mgambo nyumba kwa nyumba kukusanya mashoka, na akapeleka ujumbe kwa Katibu Tarafa aje Jumamosi kwenye mkutano wa hadhara.

Mkutano. Watu wote wamekusanyika mchana kweupe. Leonsia alisikia tangazo lile akiwa kisimani, na ndoo ikamponyoka.

Maana ghala la Jitegemee lilikuwa na jambo moja. Tangu magunia mawili ya maharage yapotee, Bernardo hakumwamini mtu. Alikuwa anamfungia mzee Xavery ndani, kufuli nje, na ufunguo unakaa mfukoni mwa Bernardo mpaka atakaporudi. Mzee wa watu hakulalamika. Alisema ndani kuna joto na panya ni wachache. Paa lilikuwa la nyasi.

*

Ijumaa Leonsia alijaribu kuirudisha hadithi nyuma. Akiwa mstarini alisema kwamba, kumbe, Ntabwoba alipofika ghalani alimsikia mzee akikohoa, akakumbuka kikohozi cha mama yake, akatupa kijinga cha moto mtoni akarudi nyumbani.

"Aa! Mama Leonsia!" walilalamika. "Umeiharibu bwana!"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Sivyo! Ulisema aliunguza! Bernardo amekutisha, sema tu."

"Hakuna aliyenitisha."

"Haya, mama, haya," walisema, na walivyosema vile alijua hawakumwamini. Akazidi kuapa, wakazidi kumhurumia. Mpaka majembe yanarudi nyumbani, habari ilikuwa imekwisha kuenea Jitegemee kwamba mama Leonsia amezibwa mdomo na serikali. Huo ulikuwa uongo, lakini nani angeutoa? Maji yakimwagika hayazoleki.

Akapanda mlimani kumtafuta Celestini. Alimkuta kwenye migomba ya zamani, mahali ilipokuwa nyumba ya Melania, akikusanya majani makavu ya migomba na kuyafunga mizigo.

"Hayo ya nini?"

"Ya kuwashia." Hakumficha. Ndivyo alivyokuwa, hajui kuficha.

"Celestini, ngoma ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi inatosha. Wameogopa, umewaona. Bernardo anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Acha hapo."

"Anatetemeka, lakini ameondoka?" Alikaza kamba. "Mama alitolewa hapa, shemeji. Hapa hapa nilipokanyaga. Ulikuwepo. Nani aliulizwa? Nani alifungwa? Walisema ni mvua."

Leonsia alikuwepo, aliyaona. Hilo ndilo lililokuwa gumu, nasema. Angekuwa kijana mhuni angemfokea. Lakini kila alilosema lilikuwa kweli, na mikono yake inafunga majani ya kumchoma mzee wa watu.

"Mzee Xavery hakumtoa mama," alisema.

"Mmoja kwa elfu."

"Yale niliongopa! Nilitaka wacheke, wanipigie vigelegele. Ni maneno ya jua kali tu."

Celestini alimtazama kwa upole kabisa, na upole ule ulimtisha kuliko matusi. "Hapana, shemeji. Siku ile ulisema kweli. Sasa ndiyo unaongopa, kwa sababu umeogopa. Si kosa lako. Nenda nyumbani."

Akateremka mlima. Afanye nini? Akimwambia Bernardo, Celestini atafungwa, na kwa kosa la kuua ngoma, nani ajuaye atapelekwa wapi. Wapo waliopelekwa gerezani Biharamulo kwa maneno madogo kuliko hayo wasirudi. Idefonsi amempoteza mama, ampoteze na ndugu, kwa mkono wa mkewe? Akinyamaza, mzee Xavery ataungua. Alikwenda kwa Deodata akamwambia, "Kesho mzuie baba asiende ghalani." Deodata akauliza kwa nini. Leonsia akasema mzuie tu. "Hadithi zako umalize mwenyewe," Deodata alimwambia, akaingia ndani akafunga mlango.

*

Jumamosi Katibu Tarafa alikuja na gari, mtu wa Tanga, kijana nadhifu, Kiswahili kinateleza. Bernardo akamweleza mbele ya watu wote.

"Ndugu Katibu, ngoma yetu imeuawa."

"Imeuawa?" Katibu akatabasamu. "Ngoma inauawaje, Mwenyekiti?"

"Imepasuriwa kwa shoka. Hii ni vita na serikari."

"Ndugu Mwenyekiti, ngoma ikipasuka unaning'iniza ringi ya gari, unagonga, watu wanatoka. Tumeitana hapa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe?" Akacheka, akatazama watu wacheke naye. Watu walimtazama tu, na kicheko chake kikamwishia mdomoni. Hakuelewa, lakini aliona kwamba yuko peke yake. Akafungua mkoba wake akaanza kutafuta karatasi za ajenda.

Leonsia hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatafuta kichwa kimoja kati ya vichwa vyote. Idefonsi yupo. Deodata yupo. Mashemeji, wajomba, wote wapo. Celestini hayupo.

Ghala lilikuwa upande wa pili wa shule, halionekani kutoka uwanjani. Akamtazama Bernardo, akaona umbo la ufunguo mfukoni mwa shati lake. Hila ilimjia hapo hapo, na alisimama kabla hajaifikiria mara mbili, maana angeifikiria asingesimama.

"Ngoma niliipasua mimi," alisema.

Idefonsi alimshika kanga. "Wewe! Una wazimu?"

"Mimi! Hadithi ni yangu na shoka ni langu. Mnataka nini tena? Nifungeni!"

Uwanja ukalipuka. Katibu akasema kwamba jambo hili lingengoja, lakini Bernardo hakungoja. Kijiji hakikuwa na mahabusu, kilikuwa na mlango mmoja tu wenye kufuli, na Leonsia alilijua hilo. "Ghalani!" Bernardo alipiga kelele. "Mpaka gari liondoke naye!" Mgambo wakamshika, wakaenda, na kijiji kizima kikawafuata, wanawake wakilia, wanaume wakifoka, vumbi juu. Leonsia alitembea haraka kuliko waliomshika. Pigeni kelele, aliomba moyoni, pigeni asikie, akimbie.

Walipofika, nyuma ya ghala palikuwa na majani makavu ya migomba yamerundikwa hadi kwenye ukingo wa paa. Hapakuwa na mtu. Watu walipita bila kuyatazama, majani makavu ni kitu gani? Leonsia aliyaona, akafurahi kwamba hayajawashwa. Celestini ameona, ameelewa, amekimbia.

Bernardo akafungua, mzee Xavery akatoka akipepesa macho. "Shikamoo, baba," Leonsia alimwambia. "Marahaba, mwanangu, kuna nini?" Deodata alimkumbatia baba yake, kisha akamtazama Leonsia, akatazama kule nyuma kwenye majani, akamtazama tena. Akafunika mdomo kwa mkono. Alikuwa mtu wa kwanza na wa mwisho kuelewa siku ile, na alikuwa amechelewa, kwa sababu umati ulikuwa umeshamsukuma mbali na mlango, na katika kelele zile hakuna aliyemsikia.

"Tuache mgambo mmoja?" mtu aliuliza.

"Kufuri lipo, mgambo wa nini?" Bernardo alisema. "Mkutano haujaisha, twendeni, Ndugu Katibu anangoja." Akatia ufunguo mfukoni.

*

Ndani mlikuwa na harufu ya maharage na panya. Leonsia alikaa juu ya gunia. Alisikia kelele zikirudi uwanjani, kidogo kidogo, mpaka ikabaki sauti ya Katibu akisoma. Aliwaza atakachomwambia Idefonsi. Aliwaza hata uongo wa kumwambia askari huko mbele, na ulikuwa uongo mzuri. Mzee Xavery amepona. Celestini hajaua mtu. Alicheka peke yake, mwanamke yule, ghalani, akajifuta machozi kwa kanga.

Halafu akasikia majani.

Hayakuwa yanapeperushwa na upepo. Yalikuwa yanasukumwa, yanashindiliwa kwenye ukuta, taratibu, na mtu mwenye nafasi ya kutosha.

"Celestini?"

Majani yakatulia.

"Celestini, usiwashe! Mzee ametoka. Ni mimi humu ndani, Leonsia."

"Najua, shemeji." Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. Alikuwa amelia sasa, hatimaye. "Nilikuwa kwenye mtama pale. Nimewaona wanakuingiza. Kijiji kizima kimewaona."

"Basi nenda! Kimbia, watakukuta!"

"Ufunguo anao nani?"

"Anao Bernardo. Hutaweza kufungua, nenda tu."

"Ndiyo," Celestini alisema. "Anao Bernardo, na wote wanajua anao yeye." Akavuta kamasi kama mtoto. "Kwa mzee Xavery wasingeinuka hata watu kumi, shemeji. Kwako watainuka wote."

Leonsia aliruka akaugonga mlango kwa mikono yote miwili. Aliita Bernardo, akamwita Idefonsi, akawaita wanawake wa mstari wake mmoja mmoja kwa majina. Uwanjani watu walipiga makofi, Katibu alikuwa amemaliza ajenda ya kwanza.

"Mimi ni mke wa kaka yako! Mimi ndiye niliyemwosha mama siku ya kumzika!"

"Ulimwosha," alisema Celestini. "Nisamehe."

Njiti ya kwanza ya kiberiti ilizimika. Leonsia aliisikia ya pili ikikwaruzwa.